Kwaya na fedha ya umma: tulipie nini?

Mwanasiasa akitaka kujulikana haraka jimboni, huwanunulia wanakwaya sare au kinanda. Uchaguzi ukikaribia, kwaya hiyo hiyo hupandishwa jukwaani kumwimba. Ndiyo maana nasitasita nikisikia kwamba serikali ifadhili kwaya za mitaani kwa kuwa kuimba ni afya.

Afya ipi, kwanza? Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka San Francisco, Marekani, mwaka 2018. Wazee 390 katika vituo 12 walishirikishwa. Vituo vingine vikaanza kuimba mara moja, vingine vikasubiri miezi sita. Walioanza mapema walipungukiwa na upweke na wakawa na hamu zaidi ya maisha. Kumbukumbu na nguvu za mwili hazikuonyesha tofauti ya maana, wala gharama za matibabu hazikushuka. Anayeiomba fedha Wizara ya Afya kwa ahadi kwamba kwaya itapunguza foleni ya wagonjwa wa presha anajenga juu ya mchanga.

Lakini upweke nao si jambo dogo. Ingia kwenye mazoezi ya kwaya ya usharika jioni yoyote. Mwalimu ameandika solfa ubaoni, sauti ya pili wanapotea palepale kila mara, wanarudishwa mstari uleule hadi besi waanze kunung'unika. Kabla ya sala ya kufunga, katibu anafungua daftari: nani hakuja, nani amelazwa, nani amefiwa, mchango shilingi ngapi. Mjane akikosa mazoezi mara mbili, atabishiwa hodi. Sijui zahanati inayofanya hivyo.

Hicho ndicho cha kulipiwa, na hakihitaji fedha nyingi. Halmashauri zetu za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini mkopo hurejeshwa, na wazee wanaoimba hawauzi kitu. Wapewe ukumbi wa kata bure jioni, posho ya mwalimu, na nauli kwa wanaotoka mbali. Basi. Sare, spika na kurekodi video wajitafutie, kama walivyozoea. Na fedha hiyo isipitie mkononi mwa mbunge wala diwani.

Litaulizwa suala la dini, na ni haki liulizwe, maana serikali yetu haina dini na kwaya nyingi ni za makanisa. Basi kipimo kiwe kuimba pamoja: kaswida, taarab na ngoma za kina mama zihesabiwe sawa, mradi kikundi kimpokee mkazi yeyote wa mtaa. Kinachotaka waumini wake tu kiendelee na sadaka zake.

Watetezi wa kwaya husahau pia hewa. Machi 2020, katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya. 53 walithibitika au kudhaniwa kuugua UVIKO-19, na wawili walifariki. Huku kwetu kifua kikuu bado kipo, nacho huenea kwa hewa. Kwa hiyo ukumbi uwe na madirisha yanayofunguka, na anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi kabla ya kurudi kwenye sauti yake. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya naye apite mazoezini mara moja kila robo mwaka; watu wa kuwapima atawakuta wameshakaa kwenye mabenchi.