Marikiti kwa Rangi za Maji

Wiki hii tumeitazama picha ya Marikiti, soko kongwe la Mombasa lililojulikana zamani kwa jina la Mackinnon, iliyochorwa kwa rangi za maji. Rangi hizi hazisitiri makosa: mchoraji akitaka weupe wa kanzu, huiacha karatasi ilivyo, kwani tone likishaanguka ni shida kulifuta. Marundo ya manjano, pilipili na iliki yamepakwa kwa wepesi, hata mtu hujiona ananusa.

Lililotushughulisha zaidi ni mabuibui. Katika picha nyingi wanazouziwa watalii, mwanamke wetu ni doa jeusi tu, kivuli kati ya mafenesi. Hapa weusi umepatikana kwa kuchanganya buluu na kahawia, nao umepauka penye jua. Mmoja ameinamia mizani kwa shaka, mwengine anahesabu chenji. Nyuso hazina macho wala midomo, jambo litakalowaridhisha wanaochelea picha za viumbe, suala walilokhitilafiana wanavyuoni. Lakini mikono yao tunaitambua. Binti zenu wanaoomba kununuliwa rangi, wapelekeni sokoni kwanza, wakawaangalie mama zao wanavyopatana bei.