Waliompa Savile funguo

Jimmy Savile, mtangazaji aliyependwa Uingereza kwa miongo mingi, alifariki Oktoba 2011 akiwa na miaka 84. Krismasi ya mwaka huo BBC ilirusha vipindi vya kumuenzi, ilhali wanahabari wa Newsnight, kipindi cha BBC hiyohiyo, walikuwa wamekwisha kukusanya ushuhuda wa wanawake waliosema aliwanyanyasa kingono walipokuwa wasichana. Ripoti yao iliwekwa kando. Tarehe 3 Oktoba 2012 kituo cha ITV kilitangaza yaliyofichwa, na haikupita hata wiki mbili familia ya Savile ikaomba jiwe la kaburi lake ling'olewe.

Tangu hapo watu wamebishana kuhusu unyama wa mtu huyu na werevu wake wa kujificha. Mjadala huo unawapa afueni wengi wasiostahili. La kuuliza ni nani aliyemfungulia milango, na kwa nini waliosikia vilio hawakuifunga.

Savile alitangaza toleo la kwanza la Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, Januari 1, 1964. Kuanzia 1975 hadi 1994 aliongoza Jim'll Fix It, ambako watoto walimwandikia barua za matamanio yao naye akayatimiza mbele ya kamera. Kando ya hayo alijitolea kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya Leeds, na akachangisha takribani pauni milioni 10 za kujenga kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, kilichofunguliwa 1983. Mkono mtupu haulambwi, na wa Savile haukuwa mtupu. Stoke Mandeville ilimpa ofisi na chumba cha kulala. Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi mkali, ilimkabidhi funguo. Mwaka 1990 Malkia akamtunuku hadhi ya Sir.

Uchunguzi wa 2015 ulihesabu watu 60 walionyanyaswa naye Stoke Mandeville pekee, mdogo wao akiwa na miaka 8. Wapo walioeleza wakati uleule, wakapuuzwa. Ndani ya BBC, Jaji Janet Smith alibaini mwaka 2016 kwamba waathirika walikuwa 72, na kwamba wafanyakazi waliogopa kumgusa nyota.

Hata polisi walipomfikia mwaka 2009, walimhoji Stoke Mandeville, ndani ya ofisi yake mwenyewe. Wanawake waliomlalamikia hawakuambiwa kwamba wapo wengine wenye malalamiko kama yao, na kila mmoja akaona hawezi kusimama peke yake dhidi ya mtu mashuhuri. Faili likafungwa. Mapitio ya faili hilo mwaka 2013 yalikiri kwamba kama wanawake hao wangehudumiwa vinginevyo, huenda kesi tatu zingefika mahakamani.

Wapo wanaosema marehemu hawezi kujitetea, na kwamba hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Hoja hiyo ina uzito. Ushahidi ambao haukuhojiwa mahakamani hauwi hukumu. Lakini fursa ya kujitetea alikuwa nayo miaka yote aliyoishi, na waliomnyima mahakama ni walewale waliomkinga. Wengine husingizia enzi, eti mambo yalikuwa hivyo. Kumdhalilisha mtoto mgonjwa kitandani kulikuwa kosa la jinai enzi hizo pia, na waliolalamika walilijua hilo.

Hapa kwetu pia vituo vingi vya watoto huishi kwa fedha za wafadhili, na mfadhili akifika hupokewa kwa nyimbo na kutembezwa hadi mabwenini. Ukarimu huo ni mzuri, ila usigeuke kibali. Anayetoa fedha ashukuriwe ofisini, risiti ikiwa mkononi, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Malalamiko dhidi yake yapokelewe na mtu wa nje, asiyetegemea mchango wake kulipa mishahara. Na mfanyakazi wa ngazi ya chini anayesema ameona jambo alindwe kazi yake kwa maandishi, kwa kuwa mfagizi na muuguzi wa zamu ya usiku ndio wanaoona kwanza.

Taasisi isiyoweza kumwambia mfadhili wake "hapana" haijawa tayari kukabidhiwa mtoto wa mtu.