Watu wa Kyela si wavivu, seva yetu ndiyo ilikuwa kipofu

Nimerudi Dar jana usiku, mgongo unauma kwa basi, na nina hasira. Kwa hiyo leo siasa zipumzike. Leo naandika kuhusu wiki.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba mimi na wenzangu wachache tuna wiki ndogo inayokusanya mambo ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa: majina ya samaki, vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kilimo cha mpunga, habari za bandari ya Itungi. Inaendeshwa na MediaWiki, programu ile ile inayotumiwa na Wikipedia. Miezi miwili iliyopita tuliihamisha kutoka seva ya zamani, iliyokuwa ikizimika kila mvua ikinyesha, kwenda seva mpya. Kurasa zikafika salama. Picha zikafika. Tukapongezana kama waliozaa mapacha. Kitu kimoja hakuna aliyekijaribu: mtu mgeni kujisajili. Sisi wote tulishakuwa na akaunti, tujaribu nini?

Basi wanachama wapya wakakauka. Wiki ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Mwenzetu anayesimamia mitambo, msomi kabisa, ana digrii, akatoa hukumu: watu wa Kyela hawapendi kuandika, wanapenda kuchati. Na mimi, mzaliwa wa Ipinda, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaenda likizo nyumbani. Pale Kyela mjini nikakusanya watu tisa tujisajili pamoja. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyetoka Matema asubuhi na daftari lake. Ameandika humo majina ya Kinyakyusa ya samaki wa ziwa hilo na msimu wa kila mmoja, mbasa anapanda mito lini kutaga mayai, usipa wanavuliwaje usiku. Kila mtu alikuwa na simu yake, wengine mtandao huu, wengine ule. Wote tisa wakakataliwa. Mwalimu alijaribu mara nne, kila mara akidhani amekosea neno la siri. Mwishowe akafunga daftari, akaniambia, "Mwanangu, huu mtandao wenu naona hautaki watu wa ziwani." Akawahi gari la kurudi.

Usiku ule nikafungua ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, nikaona maajabu. Tangu tuhame, kila aliyewahi kuhariri bila akaunti alikuwa na anwani moja tu: 127.0.0.1. Kwa wasiojua, hiyo si anwani ya mtu. Ni anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe. Seva mpya ina proksi mbele yake: inampokea mgeni, kisha inapeleka ombi lake ndani. Wiki isipoambiwa kwamba huyo ni tarishi tu, inamdhania tarishi ndiye mgeni. Mwalimu wa Matema, kijana wa Kasumulu, mwizi wa Urusi, wote kwake ni mtu mmoja.

Sasa unganisha na kanuni tuliyoiiga Wikimedia bila kufikiri: akaunti 6 kwa siku kwa anwani moja. Dunia nzima ikawa inagombania nafasi sita, na roboti za matangazo takataka, ambazo hazilali, zikawa zinazichukua zote. Msimamizi wetu alipoona takataka hizo alifanya nini? Akaifungia 127.0.0.1! Amefungia seva yake mwenyewe, bila kikomo, na ile alama ya kuzuia kufungua akaunti imewekwa. Sisi wenye akaunti hatukuhisi lolote, maana zuio la namna hiyo halimgusi aliyekwisha kuingia. Tukaendelea kuandika na kushangaa kwa nini wenzetu wavivu.

Tiba ilichukua dakika ishirini. Ndani ya LocalSettings.php unaweka anwani ya proksi kwenye $wgCdnServers (kama toleo lako ni la kabla ya 1.34, jina lake ni $wgSquidServers). Unahakikisha proksi inapitisha anwani halisi ya mgeni kwa kichwa kinachoitwa X-Forwarded-For. Unaondoa lile zuio. Basi.

Unadhani tuliomba radhi? Thubutu! Msimamizi anasema ni afadhali usajili ubaki umefungwa, anayetaka aandike barua pepe ya maombi, tumchunguze, tumkubali. Eti usalama. Hivi kweli mvuvi wa Mwaya asiye na barua pepe aombe kibali Dar es Salaam ili aandike jina la samaki aliyemvua mwenyewe?

Na msiniambie ni kosa la wachovu kama sisi tu. Mwanzoni mwa 2007 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia anwani moja kwa sababu ya mharibifu, kumbe karibu intaneti yote ya Qatar ilipita kwenye anwani hiyo. Mwaka 2022 Wikimedia ililazimika kuitisha mjadala mzima kuhusu wahariri, wengi wao wa Afrika, wanaofungiwa bila kosa kwa sababu ya vita dhidi ya proksi. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo hata sasa tulipotengeneza, ile sita kwa siku itatubana tena siku ya semina. Nasema ipandishwe, na siku ya semina iondolewe kabisa.

Takataka je? Zipo, sikatai. Weka swali ambalo roboti haliwezi. Programu ya maswali ipo, inaitwa QuestyCaptcha, unaandika swali lako kwa Kiswahili. Msimamizi alipendekeza tuulize jina la ziwa. Nikamwambia hapo tutafukuza ndugu zetu wa Karonga, na mgogoro wa mkataba wa 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani utahamia kwenye fomu yetu ya usajili. Tuulize bandari ya Itungi iko wilaya gani, inatosha.

Kura ya wenzangu ni kesho. Nimeshawaambia, usajili ukifungwa mimi natoka.

Jana basi liliposimama Makambako nilimpigia mwalimu, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa letu na si neno lake la siri. Akacheka. Anasema kwa sasa yuko shambani, atajaribu tena wakimaliza kuvuna mpunga. Daftari amelirudisha sandukuni.