Roboti darasani Katavi: iingie kama mwanafunzi, si kama mwalimu

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi ukiwa mchanga wa miezi michache tu, wenye wakazi 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilipofika, wakazi walikuwa 1,152,958. Wakulima na wafugaji wameingia kutoka mikoa ya jirani na ya mbali wakitafuta ardhi na malisho. Na tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika elimu ya msingi, wazazi waliokuwa wakisitasita wamewaleta watoto wao shuleni. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mtoto kuandikishwa ni jambo moja, na mtoto kufundishwa ni jambo jingine. Watu wakizaliana na kuhamia kwa kasi ya namna hiyo, walimu hawaongezeki kwa kasi ileile, wala nyumba za walimu, na wala madawati.

Ichukuliwe hesabu nyepesi. Kipindi kina dakika 30. Darasa la kwanza likiwa na watoto 90, na mwalimu akanyamaza kimya ili kila mtoto aseme, kila mmoja atapata sekunde 20. Mwalimu naye hawezi kunyamaza. Sekunde hizo zinaliwa na maelezo, na kuita majina, na kuwaamua wanaogombania kalamu. Wanaojibu ni walewale sita au saba wa mbele. Waliosalia huitikia kwa pamoja, na kuitikia kwa pamoja ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Katika Katavi kichaka hicho kinawaficha wengi zaidi kwa sababu ya lugha. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, na hapana shaka uamuzi huo ulilijenga taifa. Lakini mtoto wa Katumba au wa Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970 na ambayo wakazi wake wengi wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania, huenda amelelewa kwa Kirundi. Mtoto wa mfugaji wa Mpimbwe amebembelezwa kwa Kisukuma. Anapofika shuleni anakutana kwa mpigo mmoja na herufi asizozijua za maneno asiyoyajua. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kusikiliza tu. Anahitaji kusema, kukosea, kusahihishwa pasipo kuchekwa, na kusema tena.

Ni katika pengo hilo ndipo linapotajwa wazo la roboti rafiki: kifaa kidogo chenye umbo la mtoto au la mnyama, kinachotamka maneno, kinachotikisa kichwa, na kinachokaa na watoto mezani wanapojifunza. Wapo wanaolipokea wazo hili kama waliokabidhiwa ufunguo wa pepo. Wapo pia wanaolicheka, wakisema shule isiyotosheleza madawati inaota roboti. Wale wa kwanza wana ile kasumba ya kuabudu kila kilichotoka ng'ambo. Wale wa pili wana haki ya kucheka, ila kicheko chao kinawazuia kuuliza swali lenye faida: je, kifaa hicho hufanya kazi gani hasa?

Huko Ulaya swali hilo limekwisha kuulizwa kwa gharama kubwa. Katika mradi mmoja wa nchi za Umoja wa Ulaya, watafiti waliwachukua watoto 194 wa Uholanzi wa umri wa miaka mitano hivi na kuwafundisha maneno ya Kiingereza. Baadhi walijifunza kwa roboti pamoja na kishikwambi, wengine kwa kishikwambi peke yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Watoto walijifunza, ndiyo, lakini waliokuwa na roboti hawakuwashinda waliokuwa na kishikwambi kitupu. Tena kishikwambi chenyewe kiliwekwa hapo kwa sababu masikio ya mashine hayakuweza kutegemewa kusikia sauti za watoto wadogo. Mashine iliyoshindwa kumsikia sawasawa mtoto wa Uholanzi itamsikiaje mtoto wa Mlele anayejifunza Kiswahili kwa lafudhi ya Kisukuma?

Wapenda mashine wangetamani mjadala uishie kabla ya habari hiyo, na wapinga mashine wangetamani uishie papo hapo baada yake. Lakini lipo jaribio jingine, la mji wa Lausanne nchini Uswisi, lililotangazwa mwaka 2015, na hilo ndilo lenye somo kwa Katavi. Wataalamu wa huko waliitengeneza roboti isiyojua kuandika. Roboti iliandika herufi mbovu makusudi, na mtoto akatakiwa kuifundisha. Mtoto alisahihisha, roboti ikaandika vizuri kidogo, mtoto akasahihisha tena. Yule aliyekuwa akiona haya kwa mwandiko wake mwenyewe akajikuta amekuwa mwalimu wa mwingine aliye nyuma yake. Nguvu ya mashine ile ilikuwa katika ujinga wake.

Jambo hili halina ugeni wowote. Mwalimu yeyote wa siku nyingi anajua kwamba mtoto hushika somo siku anapomfundisha mdogo wake nyumbani. Kinacholetwa na roboti ni mdogo wake huyo, ndani ya darasa, asiyechoka kukosea.

Hebu lifikiriwe darasa la Katumba. Watoto 90 wamegawanywa vikundi tisa vya watoto kumi, na kila kikundi kina mwanasesere mmoja mwenye spika ndogo tumboni. Anaonyeshwa kadi yenye picha ya kuku, naye anasema, "Mbuzi." Kikundi kinaangua kicheko. Mtoto aliye zamu anasema, "Si mbuzi, ni kuku." Mwanasesere anauliza, "Ku... nini?" Mtoto anarudia, silabi kwa silabi. Mwanasesere anakosea mara moja tena, kisha anapatia, na kadi inakwenda kwa mtoto wa pili. Yule wa kwanza amesema mara tatu, na aibu ya kukosea imehamia kwa mashine. Nusu ya kipindi ikiwa ya mwalimu na nusu ya vikundi, zile sekunde 20 zimekuwa dakika moja na nusu. Wala kifaa hakihitaji masikio hata kidogo: kitufe kimoja kinakifanya kikosee, cha pili kinakifanya kipatie, na mbonyezaji ni kiongozi wa kikundi. Watoto wanaojua kuitikia "Tega!" pale wanapoambiwa "Kitendawili!" hawatahitaji kuelezwa mchezo huu mara mbili.

Watasema wengine: kama mashine inaweza hayo, kwa nini isipewe darasa zima, na halmashauri ikapumua na tatizo la walimu? Jibu limo katika historia ya nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia kwa redio watu wazima takriban milioni 2, na matokeo yake yalionekana katika vyoo vilivyochimbwa na vichaka vilivyofyekwa. Redio ilikuwa ya kawaida kabisa. Siri ilikuwa maelfu ya viongozi wa vikundi waliofunzwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, ambao waliwakusanya wenzao, wakasoma nao kitabu, wakajadili, wakaenda kushika jembe. Redio bila vikundi ingebaki kuwa sauti inayopita juu ya paa. Miaka michache baadaye, katika kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Waliwaokoa watoto wengi wasikose shule, lakini ubora wa elimu ulilipia haraka ile kwa miaka mingi. Anayetaka kupunguza gharama ya mwalimu kwa kumweka mbadala anapaswa kuutazama ukurasa huo kwanza.

Na Tanga je? Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililoendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNESCO na WFP. Vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vilijengwa vijijini. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili waligawana dola milioni 10 za Marekani. Magazeti ya dunia yalishangilia ile nusu iliyofaulu, na ilistahili kushangiliwa, kwani wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga shule. Lakini kwa mpangaji wa elimu nusu ya pili ndiyo yenye habari: baada ya miezi 15 na kifaa kizuri mkononi, mtoto mmoja kati ya kila wawili wa lile kundi la wasiojua alikuwa bado hajasoma neno. Kuna watoto wasiofikiwa na kioo. Hata hivyo shindano lile liliacha mali yenye thamani kuliko zawadi zake: programu za timu tano zilizofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote azitumie na kuzirekebisha bila kulipa.

Uwazi huo una uzito kuliko unavyodhaniwa. Huko Marekani kampuni iitwayo Embodied ilikuwa ikiuza roboti rafiki wa watoto, Moxie, kwa dola 799. Desemba 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba fedha zimekatika na inafunga milango. Roboti ile haikuwa na akili yake kichwani. Akili ilikuwa katika kompyuta za kampuni, ng'ambo ya mtandao. Wazazi wakabaki na kazi ya kuwaeleza watoto wa miaka mitano kwamba rafiki yao hatazungumza tena. Hayo yalitokea katika nchi tajiri, yenye mtandao kila nyumba. Kijiji kilicho mbali na nguzo za umeme na mnara wa simu hakina sababu ya kujifunga kamba hiyo shingoni.

Mpanda inaijua habari hii kwa njia yake. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa, waliokuja na mitambo wakaondoka. Reli ilibaki, kwa kuwa wananchi walikuwa na mahindi ya kusafirisha na ndugu wa kutembelea. Roboti yoyote itakayoletwa Katavi ipimwe kwa kipimo hicho: siku mleta kifaa akiondoka, kinabaki kitu gani?

Kwa bahati, vingi vinavyotakiwa vimekwisha kuwapo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Katavi ni miongoni mwa mikoa tisa ya programu ya Shule Bora, yenye utaratibu wa mafunzo ya walimu kazini. Mjini Mpanda kuna chuo cha VETA, ambako kijana anayejifunza umeme anaweza kuunganisha spika, kadi ya kumbukumbu na betri inayochajiwa kwa jua. Umbo la nje hata lisiulizwe: watoto wa vijijini wanajitengenezea wanasesere kwa magunzi ya mahindi tangu enzi za bibi zao. Sauti zirekodiwe na walimu wa mkoa huohuo, wanaojua ni silabi ipi ya Kiswahili inayomshinda mtoto wa Kirundi na ipi inamshinda wa Kisukuma. Na kifaa kisiwe na kinasa sauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Njia rahisi kuliko zote ya kuitii ni kutokusanya sauti ya mtoto hata mara moja.

Kinachobaki ni jaribio la haki, lisilo la kupiga picha na mgeni rasmi. Zichaguliwe shule tatu, moja ya Katumba, moja ya Mpimbwe na moja ya Mpanda mjini, kila moja ikiwa na mikondo miwili ya darasa la kwanza. Mkondo mmoja upewe wanasesere. Wa pili ugawanywe vikundi vilevile, kwa kadi zilezile, bila wanasesere. Sharti hili la pili ndilo litakaloruka kwanza wafadhili wakikaribishwa, kwa sababu huenda likaonyesha kwamba kazi yote ilifanywa na vikundi. Mwishoni mwa muhula mwalimu wa shule nyingine amwite kila mtoto peke yake, amwonyeshe picha kumi na maneno kumi, aandike kilichotamkwa. Mikondo ikilingana, wanasesere wabaki kuwa wa kuchezea, na fedha ziende kwenye nyumba ya mwalimu katika kijiji cha mbali kuliko vyote. Likianza Januari shule zinapofunguliwa, majibu yatakuwa yamefika halmashauri kabla madiwani hawajakaa kupitisha bajeti ya mwaka unaofuata.