Magazini za mjini zilikwisha namna gani?

Wamama, wazee wetu wanakumbuka bado magazini kubwa za Wagriki na Wahindi hapa mjini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire. Wengi waliozipata waliuza vitu vilivyokuwa ndani, wakakula franga yote, bila kuagiza vingine. Mwaka 1976 serikali iliwaita wenyewe warudi, wengi hawakurudi. Basi watu wakazidi kununua Kadutu na kwa wamama wa barabarani. Magazini leo ni sisi, tena bila ukuta!

Kwa hiyo kwenye mkutano wa AVEC kila mama alete kaye: ukurasa mmoja wa mtaji, mwingine wa faida. Minervali itoke kwenye faida. Asiyejua kuandika akae karibu na sisi walimu.