Unamlilia Roy Jones, na Waruinge wetu je?

Wewe unayemalizia jioni zako hapa uwanja wa Makadara, simu mkononi, ukirudia kwa mara ya hamsini klipu ya Mike Tyson akiangusha watu, nina swali kwako. Bondia bora kabisa aliyewahi kutoka Kenya ni nani?

Jibu lako nalijua. Nililisikia wiki jana kwa muuza kahawa, baada ya Magharibi. Vijana kama sita hivi, wote sauti moja: Robert Wangila. Sababu yao ni dhahabu. Seoul 1988, uzani wa welter. Hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Utabishana vipi na hilo?

Mimi nabishana. Bora alikuwa Philip Waruinge, mtu wa uzani wa unyoya, kilo 57, ambaye hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki hata moja.

Nilipotaja jina lake barazani, mmoja akaniuliza kama ni mbunge wa Bara. Wenzake wakacheka. Muuza kahawa peke yake ndiye hakucheka. Aliweka dele chini, akasema, "Nyinyi mwamjua nani? Waruinge alikuwa hapigiki." Kisha akaendelea kumimina.

Basi turudi Mexico City, 1968. Kwenye ndondi za Olimpiki kulikuwa na kombe lililoitwa Val Barker. Nchi haikupewa, wala hakupewa aliyeangusha watu wengi. Alipewa bondia mmoja aliyeonekana ana ufundi kuliko wote mashindanoni, awe mwepesi au mzito. Mwaka huo bingwa wa uzani mzito alikuwa kijana wa Kimarekani wa miaka 19, George Foreman. Ndiyo, Foreman huyohuyo aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akaangushwa na Muhammad Ali kule Kinshasa 1974. Kwenye fainali ya Mexico alimmaliza mpinzani wake raundi ya pili tu.

Kombe hakupewa Foreman. Alipewa Waruinge, na Waruinge alikuwa na shaba.

Shaba yenyewe ilikujaje? Nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, kijana wa Mexico, mbele ya Wamexico. Enzi hizo majaji walikuwa watano. Watatu wakasema Roldán, wawili wakasema Waruinge. Roldán akaenda fainali, na huko akapewa dhahabu baada ya Mmarekani Albert Robinson kuondolewa raundi ya pili, refa akisema amempiga mwenzake kichwa. Mimi sikuwepo, na siwezi kukuapia kwamba Waruinge aliibiwa. Lakini fikiria mwenyewe: mtu anashindwa kwa jaji mmoja, halafu mashindano hayohayo yanamtangaza kuwa fundi kuliko mabingwa wote wa uzani wote. Hesabu hiyo inaingia akilini kweli?

Miaka minne baadaye, Munich 1972, akafika fainali. Mpinzani: Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Matokeo: tatu kwa mbili. Tena! Jaji mmoja Mexico, jaji mmoja Munich. Hao wawili wangeandika jina lingine kwenye karatasi zao, leo tungezungumza mengine kabisa.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoudhika. Tangu kombe la Val Barker lianze kutolewa 1936, ni watu watatu tu waliolichukua bila dhahabu. Wa kwanza ni Mmarekani Louis Laurie, mwaka huohuo wa 1936. Wa pili ni Waruinge. Wa tatu ni Roy Jones Junior, Seoul 1988, na kisa cha Roy Jones kila mtu hapa Makadara anakijua kama Fatiha. Mtakuhesabia ngumi zake: 86 alizopiga dhidi ya 32 za yule Mkorea, na bado akanyimwa. Mnamlilia Roy Jones kama ndugu yenu wa tumbo moja. Wetu wa Kenya, yaliyompata yale ya kufanana miaka 20 kabla, mnaniuliza ni mbunge?

Haya, tuache uchungu, tupime ufundi. Mwenye ngumi nzito anaweza kupata usiku mmoja wa bahati. Konde moja limekaa kidevuni, kazi imekwisha, picha imepigwa. Lakini mtu wa kilo 57 habebwi na konde moja. Kwenye uzani huo kila mtu ana kasi, na raundi ni tatu tu. Huna muda wa kumsubiri mwenzako achoke. Inabidi upige, utoke, urudi, upige tena, na majaji waone. Waruinge alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kingston 1966, akashinda nyingine Edinburgh 1970, na katikati na mwisho kuna medali mbili za Olimpiki. Hiyo ni miaka sita, uzani uleule. Vijana wapya wa dunia nzima wanakuja kila mwaka na miguu mipya, na bado wanamkuta pale juu. Bahati haidumu miaka sita. Hayo ni macho na miguu, na ile ngumi ya kushoto ya kupimia inayokwenda na kurudi kabla hujaiona.

Na kabla yake, hakuna Mkenya aliyekuwa ameleta medali ya ndondi kutoka Olimpiki. Munich, Dick Tiger Murunga na Samuel Mbugua wakaongeza shaba. 1978 Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa kule Belgrade. Wangila mwenyewe alipita njia ambayo ilikuwa imeshafyekwa.

Nisiwe mchoyo lakini. Upande wa Wangila una hoja nzito, tena moja sijaipatia jibu kamili. Kwenye fainali ya Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Hakuwaachia majaji kazi. Waruinge mara mbili aliwaachia kalamu, na mara mbili kalamu ikamgeuka. Ukiniambia bingwa wa kweli huzuia jambo hilo lisitokee, nitanyamaza kidogo, nitakunywa kahawa yangu.

Na akiwa bondia wa kulipwa, Waruinge hakung'ara. Alikwenda Japani 1973 akiwa na miaka 28, akawa anapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Aprili 1976 alipata nafasi ya kugombea taji la dunia la WBC kule Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akasimamishwa kabla raundi hazijaisha. Wapo wanaosema hapo ndipo ukweli ulipojulikana. Mimi naona hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mapigano ya taji siku hizo yalikuwa raundi 15. Mtu aliyejenga mwili na akili kwa raundi tatu za kasi, unampa 15 akiwa ameshapita miaka thelathini, kisha unashangaa?

Utaniuliza, haya ya nini leo, mtu mwenyewe alishafariki 2022? Kenya haijapata medali ya ndondi ya Olimpiki tangu Seoul, hiyo ni moja. Lakini kinachonisumbua kiko karibu zaidi na nyumbani.

Mtoto wa ami yangu ana miaka 17 na anafanya mazoezi ya ndondi. Mwezi uliopita alirudi jioni jicho limefunga, mdomo umepasuka, anatabasamu. Nikamuuliza nini kimekupata. Akaniambia, "Kaka, nilisimama. Sikurudi nyuma hata hatua moja." Alikuwa anajivuna! Na mazoezini wenzake walimpigia makofi kwa hilo. Usiku mama yake alimkanda kwa maji moto, kichwa kinamuuma, na asubuhi hakwenda shule.

Ameyatoa wapi? Kwenye klipu. Klipu haionyeshi ngumi iliyokosa, na ngumi iliyokosa ndiyo kazi nzima ya bondia fundi. Wangila alifariki Julai 1994, siku mbili baada ya pigano lake la Las Vegas, akiwa na miaka 26. Sisemi mtindo wake ndio uliomuua, sina haki hiyo. Nasema kichwa cha mtu kina hesabu yake. Tukiwafundisha wadogo zetu kwamba bora ni yule anayeangusha au anayevumilia kipigo, wataendelea kusimama pale pale, wapigwe, tuwapigie makofi.

Nilimkalisha kijana wetu nikamweleza habari za Waruinge, Foreman, kombe na yote. Alisikiliza huku anapekua simu, nikadhani nimepoteza maneno yangu. Kisha akainua kichwa, lile jicho bado limevimba.

"Ati alimpita Foreman kwa kilo ngapi?"

"Hamsini na saba."

Alikwenda chumbani kwa mama yake kutafuta mizani. Nikamsikia akiteta huko ndani: amezidi kilo mbili.