Seva Haijui Lugha ya Mama

Miongoni mwetu wanafunzi wa lugha za Kiafrika linazunguka pendekezo ambalo huenda likapita bila mjadala. Tuweke mtandaoni orodha ya maneno ya Kiswahili cha Goma na vitongoji vyake, halafu seva ya tovuti hiyo ifuatilie yenyewe kila kivinjari kitakachoifungua: kimetoka wapi, saa ngapi, kimewekwa katika lugha gani, kimesoma kurasa zipi. Wanaolitetea wana hoja. Anayeandika memwari atapata takwimu bila kulipa moto kila siku kwenda kuwauliza watu, na anayeomba msaada wa fedha ataweza kuonyesha kwamba kazi inasomwa.

Orodha ninaiunga mkono kwa mikono miwili. Ufuatiliaji ninaupinga. Utakosea jambo moja tunalotaka kulijua, yaani lugha ya msomaji, na papo hapo utahifadhi kwa usahihi mambo ambayo hatuna haki ya kuyahifadhi.

Tutazame kwanza seva inavyofanya kazi. Kila unapofungua ukurasa, kivinjari chako hupeleka ombi, na seva huandika mstari mmoja katika daftari lake. Programu kama Apache, iliyoanza mwaka 1995, na nginx, iliyotolewa mwaka 2004, kwa kawaida huandika anwani ya IP, tarehe na saa, ukurasa ulioombwa, jibu lililotolewa, ukurasa uliokuleta hapo, pamoja na aina ya kivinjari na ya kifaa. Haya hutokea hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumfuatilia mtu. Ukitaka zaidi, unaongeza vidakuzi. Kidakuzi ni alama ndogo ambayo seva hukikabidhi kivinjari, nacho hurudi nayo kila kinapokuja tena, ili ziara kumi za siku kumi ziunganishwe kuwa za mgeni mmoja. Mbinu hiyo ilibuniwa na Lou Montulli katika kampuni ya Netscape mwaka 1994.

Lugha nayo imo ndani ya ombi. Kuna mstari uitwao Accept-Language, unaotaja lugha ambazo kivinjari kimepangwa kuzipendelea, kwa mfuatano. Daftari la kawaida haliuandiki, lakini kuuongeza ni suala la kubadili mstari mmoja wa mpangilio. Hapo ndipo wenzangu wanapoona dhahabu: kila msomaji atatutajia lugha yake bila kuulizwa.

Lakini hataitaja. Kitakachotajwa ni lugha ya menyu ya telefone. Chukua Kanyaruchinya, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, katika teritwari ya Nyiragongo. Wapo Wakumu wenyeji. Walifika pia wengine kutoka Rutshuru, hasa katika vita vya mwaka 2022. Utasikia Kinyarwanda, Kihunde, Kinande na Mashi, na Kiswahili kikiwaunganisha wote sokoni, kanisani na penye bomba la maji. Telefone zao nyingi zimewekwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo zilivyouzwa, au ndivyo mtoto anayesoma alivyozipanga. Seva itaandika fr, na pengine en baada yake. Mama muuza maharage, ambaye biashara, sala na ugomvi wake wote huufanya kwa Kiswahili, atahesabiwa kuwa msomaji wa Kifaransa.

Na yule aliyechagua Kiswahili je? Tunajua darasani kwamba ISO 639-3 inakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh, zote mbili zikiwa chini ya swa. Telefone hutuma sw tu, au sw ikifuatwa na alama ya nchi iliyochaguliwa kwenye menyu, na anayechagua Tanzania kwa sababu imetangulia machoni pake atahesabiwa huko. Kinande kina nnb, Kihunde kina hke, Mashi ina shr. Alama zipo kwenye vitabu, ila ni nadra kuzikuta katika menyu ya telefone inayouzwa Goma. Tutapata jedwali safi lenye asilimia, nalo litatuambia kwamba orodha ya maneno ya Kiswahili husomwa na watu wa Kifaransa. Mwenye fedha akilisoma atauliza kwa nini alipie Kiswahili. Kosa la kuhesabu litakuwa limegeuka uamuzi.

Mahali nako seva inapakisia. Wateja wengi wa kampuni moja ya mtandao hutoka nje kupitia anwani moja ya IP, hivyo mtaa mzima unaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kinyume chake, telefone moja hushikwa na baba asubuhi, mtoto mchana na jirani jioni, na kidakuzi kitawaita wote jina moja. Mkazi wa Goma mwenye kadi ya SIM ya Rwanda, jambo la kawaida mpakani hapa, ataandikwa kuwa yuko Rwanda ilhali amekaa Majengo. Hata idadi ya ziara haisemi tunachodhani inasema. Intaneti ilipokatwa nchini baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, ilikaa karibu majuma matatu bila kurudi. Daftari la tovuti ya Kikongo la siku hizo lingeonyesha kwamba watu wameacha kusoma.

Hadi hapa mtu anaweza kunijibu: sawa, takwimu ni mbovu, lakini zinamdhuru nani? Hapa ndipo ninapoomba wahadhiri wetu wanisikilize, maana seva haikosei kila kitu. Inajua kwa hakika kwamba telefone ya aina fulani, kutoka anwani fulani, dakika fulani, ilifungua ukurasa fulani, na kwamba menyu yake ilikuwa katika lugha fulani. Kampuni ya mtandao inaweza kuoanisha anwani na dakika hiyo na namba ya mteja. Vikiunganishwa hivyo vyote, mtu anapatikana.

Fikiria sasa alama ya Kinyarwanda, yaani rw. Kwa mwanaisimu hiyo ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka, na Rutshuru na Masisi imekuwa ikizungumzwa tangu zamani na raia wa Kongo. Lakini herufi hizo hizo ndizo alama ya nchi ya Rwanda katika orodha ya nchi. Asiyesoma isimu akifungua daftari letu hataona lugha. Ataona nchi, na kando yake ataona saa na anwani. Tutakuwa tumemtengenezea orodha ya watu kwa asili zao bila sisi kukusudia. Katika jimbo hili hakuna anayehitaji kuelezwa orodha ya namna hiyo huweza kutumika kwa nini.

Mtu akisema kwamba daftari litakuwa mikononi mwa watu wema, nitamkumbusha mwaka 2025 wa maisha ya mji huu ulivyoweza kuwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilibadilisha mamlaka katika siku chache. Majuma yaliyofuata kambi za wakimbizi wa vita zilizouzunguka mji zilitawanyika, Kanyaruchinya ikiwemo. Watu waliondoka na magodoro na sufuria. Orodha haziondoki na watu. Hubaki katika kompyuta zilizoachwa ofisini, na anayekuja kuzikuta si yule aliyeahidi kuzitunza.

Taaluma yetu ina somo la zamani juu ya hili. William Labov alieleza kitendawili cha mtazamaji: tunataka kujua watu wanavyozungumza wasipotazamwa, na njia pekee ya kujua ni kuwatazama. Seva inatupa kishawishi cha kukitegua kitendawili hicho kwa kujificha. Ni kinasa sauti kisichozimwa, kilichofichwa chini ya meza. Nani kati yetu angethubutu kuingia nyumba ya mzee wa Kanyaruchinya, akanasa mazungumzo yake bila kumwambia, kisha akayapeleka mbele ya majopo ya wahadhiri? Tunafundishwa kubisha hodi, kusalimia, kueleza kazi na kuomba ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe. Sioni kwa nini adabu hiyo iishie mlangoni mwa nyumba isiingie katika tovuti.

Wenzangu watasema ruhusa itaombwa, kwa kile kisanduku kinachotokea chini ya ukurasa. Basi tukisome kisanduku hicho kama wanafunzi wa lugha. Kwa Kifaransa huahidi kuboresha "uzoefu" wako, na wanaokitafsiri huandika vivyo hivyo: tunatumia vidakuzi kuboresha uzoefu wako. Kwa Kiswahili uzoefu ni kile fundi anachokipata baada ya miaka ishirini ya kazi. Tovuti itauboreshaje? Sentensi ina maneno ya Kiswahili na haina maana ya Kiswahili. Anayeibonyezea "kubali" hajakubali kitu. Ameondoa kizuizi ili asome kabla mega zake hazijaisha.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ina neno la kweli kuliko la Kiingereza. Kwa Kiingereza kitu hiki kiliitwa biskuti, jina tamu lisiloonyesha kazi yake. Kiswahili kilisema kidakuzi, neno la ukoo mmoja na udaku na mdakuzi, yule anayechungulia ya wenzake na kuyatoa nje. Aliyelibuni alitufanyia wema. Mweleze mama yeyote wa Goma kwamba ukurasa huu una vidakuzi, na umwambie neno limetoka wapi. Ataelewa upesi kuliko kwa aya kumi za kisheria, na huenda akakataa. Ruhusa ambayo mtu hawezi kuikataa kwa sababu hakuielewa haistahili jina hilo.

Sheria zipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Kanuni za dijitali za tarehe 13 Machi 2023 zimeingiza ulinzi wa data binafsi katika sheria za Kongo. Majirani wana zao: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Lakini sheria yetu imeandikwa Kifaransa, na ibara ya kwanza ya Katiba hiyo hiyo inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Nani atakayeipeleka sheria kwa mwenye haki katika lugha anayoielewa? Kitivo cha sheria hakina kazi hiyo. Sisi tunayo.

Ninajua hoja mbili zilizobaki. Ya kwanza ni usalama: seva isiyo na daftari haiwezi kugundua anayeishambulia wala kosa lililoizima. Ni kweli. Daftari la matengenezo liwepo, lakini lifutwe baada ya siku saba, na tarakimu za mwisho za kila anwani ya IP zikatwe kabla ya kuandikwa. Nginx na Apache zote zinaweza kupangwa hivyo. Hoja ya pili ni wafadhili wanaotaka namba. Wapewe namba: ukurasa fulani umefunguliwa mara ngapi kwa mwezi. Jumla haimtaji mtu, na seva inaweza kuitoa bila kidakuzi hata kimoja na bila kugusa Accept-Language.

Kuhusu lugha ya msomaji, tumuulize. Mwanzoni mwa orodha ya maneno tuweke sentensi chache zitakazoandikwa hapa kitivoni na kusomwa kwanza kwa sauti mbele ya watu wa Kanyaruchinya, ili tuone wapi wanasita. Mimi ningeanza na hizi: "Tunahesabu ukurasa huu umefunguliwa mara ngapi. Hatuandiki jina lako, namba yako wala mahali ulipo. Ukipenda, tuambie nyumbani mnasema lugha gani. Usipopenda, soma tu, karibu." Chini yake pawe na nafasi tupu ya kuandika, bila menyu, kwa sababu menyu ndiyo iliyotuficha tangu mwanzo. Atakayeandika Kinande ataandika Kinande. Atakayeandika lugha mbili ataandika mbili, na huyo ndiye mtu halisi wa mji huu. Atakayehofia kujibu ataacha wazi, na hofu yake haitaandikwa popote.

Tutapata majibu machache kuliko seva ingetupa. Majibu mia yaliyotolewa na watu walioelewa swali yananitosha kwa memwari nzima, na nitaweza kuyatetea mbele ya majopo bila kuinamisha macho. Mistari elfu kumi iliyochukuliwa chini ya meza siwezi kuitetea, tena itasema kwamba Kanyaruchinya inazungumza Kifaransa.